Saa za Kuamsha Chungu

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na kalamu mbili, kwa sababu moja sikuiamini. Ofisi ya takwimu wakati huo ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa hapa Chake Chake, na ngazi yake ilikuwa na vidato kumi na tisa. Nilivihesabu nikipanda, na jioni nikavihesabu nikishuka. Mkuu wa Ofisi, mzee mwembamba ambaye kofia yake haikuwahi kuinamia upande wowote, alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Bi Saada binti nani?"

"Binti Kombo, wa Madungu."

"Mama yako si yule anayeuza vitumbua pale sokoni?"

"Ndiye."

"Basi kuhesabu unajua. Hebu nihesabie viti vya ofisi hii."

Nikazunguka vyumba vyote, nikarudi nikamwambia kumi na tatu. Nikaona afadhali nizunguke tena, maana nimelelewa sokoni, na sokoni chenji huhesabiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa adabu na mara ya pili kwa haki. Safari hii nikapata kumi na nne. Kilichonipita mwanzo ni kile alichokikalia yeye mwenyewe.

"Kumbuka hilo," akasema. "Kitu kilichokaliwa ndicho kinachosahauliwa. Kazi unaanza leo."

Kazi yenyewe ilibadilishwa jina kila alipokuja mkubwa mpya, lakini ilibaki ile ile: kufuatilia ujira wa saa wa wafanyakazi wa viwandani. Mshahara ni kile mtu anachopewa. Ujira wa saa ni kile anachopewa ukikigawa kwa saa alizozitolea jasho. Wadadisi wapya, yaani wale wanaokwenda kubisha hodi na dodoso la maswali, hudhani ni jambo moja. Niliwafunza hivi: ukifika sokoni ukaambiwa pweza huyu elfu kumi, utasema ghali au rahisi? Aliyejibu kabla ya kumnyanyua pweza nilimrudisha kukaa. Mshahara usiojua saa zake ni pweza hujamnyanyua.

Wageni wakisikia "viwanda vya Pemba" hutazama juu kutafuta moshi. Sikuwalaumu. Viwanda vyetu vilikuwa tanuri za mikate, mabanda ya mafundi seremala, wafyatua matofali, akina mama wa kisiwani Fundo waliotengeneza sabuni ya mwani, na wale waliokamua mafuta kwenye majani na makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Si vyote vilivyotembelewa. Tulikuwa na sampuli, yaani wachache waliochaguliwa kuwasemea wengi, na kila robo mwaka nilirudi kwa wale wale. Ukifika, kwanza unakwenda kwa Sheha, kiongozi wa mtaa, kujitambulisha, unasalimia mpaka mbuzi wa nyumba, ndipo unakwenda kwa mwenye kiwanda kuomba vitabu viwili: daftari la mahudhurio na orodha ya malipo. Kimoja kinakupa saa, cha pili kinakupa fedha. Unagawa. Halafu unagawa tena.

Fundo nilikwenda kwa boti na nikarudi nimelowa. Kule wanalipwa kwa idadi ya vipande vya sabuni, kwa hiyo ilinibidi nikae niwatazame wakikata, nijue vipande mia vinakula saa ngapi. Kwenye tanuri moja hapa mjini sehemu ya ujira ilikuwa mikate, na hayo huitwa malipo ya vitu, lazima yapewe bei. Mwenye tanuri alitaka niandike bei ya mkate wa leo. Nilipouonja nikaandika bei ya mkate wa jana. Tulibishana mpaka adhana ya adhuhuri, tukasali, tukarudi kubishana. Mwisho tukakutana katikati, na nilikuwa nimeanza na bei ya chini makusudi ili katikati yenyewe iwe ndiyo kweli. Msiige.

Mkuu yule wa kwanza alistaafu, akaja Msimamizi wa Kanda kutoka Unguja. Alikuwa kijana msafi, suruali imepigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Lafudhi yetu ilimchekesha miezi sita ya mwanzo, baadaye akaanza kuongea kama sisi bila kujijua. Nilikuwa na tabia ya kuandika maneno pembeni mwa dodoso, nani alisema nini na alisemaje.

"Bi Saada," aliniambia siku moja, "dodoso halina sehemu ya hadithi."

"Ndiyo maana naandika pembeni, Bwana Msimamizi."

Alicheka, lakini alipoingiza takwimu kwenye kompyuta, pembeni kukabaki pembeni.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu, maana mengine yote ni nauli na jua.

Nje kidogo ya Wingwi kulikuwa na kiwanda cha mafuta ya karafuu cha Mzee Hamad. Msifikirie mitambo. Kulikuwa na pipa kubwa la chuma ambalo wenyewe waliliita chungu, tanuri chini yake, na bomba lililopita kwenye tangi la maji ya baridi na kutoka upande wa pili likidondosha mafuta. Walifanya kazi watu kumi na wawili, wanawake wanane. Daftari lake la mahudhurio lilikuwa safi kuliko yote katika kisiwa: saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na saa moja katikati ya chakula na sala. Saa nane kamili. Kila robo mwaka niliwauliza wafanyakazi, kama dodoso lilivyotaka, "Mnafanya kazi saa ngapi kwa siku?" nao walijibu, "Nane." Niliandika nane. Kwa miaka mingi niliandika nane, na kila mara niliihesabu mara mbili.

Robo moja ilikuja barua kutoka makao makuu kwamba takwimu zetu zingepelekwa kwenye kikao cha kupanga kima cha chini cha mshahara viwandani. Msimamizi alifurahi. Jedwali lilionyesha kwamba watu wa mafuta ya karafuu wa Pemba wanapata kwa saa zaidi ya wenzao wengi. Makao makuu walikwisha andika rasimu: kundi hili halina haja ya nyongeza safari hii. Na mimi nilikuwa na furaha yangu. Msimamizi alikuwa anarudi kwao Unguja, na barua ya kunipa kiti chake ilikuwa tayari, imebaki saini.

Juma hilo hilo shangazi yangu wa Wingwi alikuwa na khitma ya mumewe, nikalala kwake. Asubuhi, kwa kuwa nipo karibu, nikasema nipite kwa Mzee Hamad nimalize robo yangu kabla jua halijapanda. Saa kumi na mbili na robo nilikuwa mlangoni. Nilitarajia kukuta kufuli. Nilikuta wote kumi na wawili wako ndani, wamelowa jasho. Wanaume wanachanja kuni, wanawake wanabeba magunia ya majani na kuyashindilia ndani ya chungu kwa miguu, na mmoja amepanda juu ya tangi anamimina maji. Mzee Hamad mwenyewe alikuwa amepiga magoti anapuliza moto, ndevu zimejaa majivu.

Aliyenipokea ni Bi Time, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo, tuliyezoeana kwa miaka ya kuhojiana.

"Khaa! Bi Saada! Leo umekuja kutuamsha?"

"Naona mshaamka kitambo. Mmeanza kazi saa ngapi leo?"

"Hatujaanza, mwenzangu."

Nikamtazama. Kanga aliyojifunga kiunoni ilikuwa inachuruzika.

"Na hii unayofanya ni nini? Mazoezi?"

"Hii kuamsha chungu," akasema, kama anayemweleza mtoto kwamba maji yanalowesha. "Kazi inaanza tone la kwanza likishuka."

Nikakaa juu ya gunia nikangoja. Tone la kwanza lilishuka saa mbili kasoro dakika nne. Mtu mmoja akaita "Bismillahi, limeshuka!", Mzee Hamad akanawa mikono, akafungua daftari, na kila mmoja akaja kuandikwa. Jioni nilirudi. Saa kumi na moja daftari likafungwa, na hakuna aliyeondoka. Walibaki kufungua chungu na kuyatoa majani yaliyopikwa, ya moto, kwa majembe, mpaka karibu na magharibi. Hiyo waliita kukomba, na kukomba nako hakukuwa kazi.

Niseme hapa kwamba hakuna aliyenidanganya. Wangenidanganya ningewakamata siku ya kwanza, uongo naujua kwa harufu. Wote pale, mwenye mali na wenye jasho, waliamini kwamba kazi ni mafuta, na kabla ya mafuta hakuna kazi. Na mimi nilikuwa mtu wa mwisho wa kuwashangaa. Mama yangu aliroweka mchele usiku, akausaga alfajiri, akachoma mpaka macho yakawa mekundu, na akiulizwa anaanza biashara saa ngapi alisema saa moja, nikifika sokoni. Nililelewa ndani ya hesabu hiyo. Ningeionea wapi?

Nikagawa palepale juu ya gunia. Tuseme mtu analipwa elfu nane kwa siku. Kwa saa nane, ni elfu moja kwa saa. Ongeza mbili za kuamsha na moja ya kukomba, zinakuwa kumi na moja, na ile elfu moja inageuka mia saba na ishirini na saba. Nikagawa mara ya pili kwa matumaini ya kukosea. Sikukosea. Saa tatu zilikuwa zimekaliwa, na mmoja wa waliozikalia alikuwa mimi.

Bi Time alikuwa amesimama nyuma yangu ananitazama.

"Hizo hesabu zako zinakwenda wapi kwani?"

Nikamweleza: kikao, kima cha chini, rasimu. Sikumficha kwamba kwa karatasi zangu yeye ni mtu mwenye nafuu.

"Mie nina nafuu?" Akawaita wenzake. "Njooni mumsikie Bi Saada! Nina nafuu, na mwanangu wa skuli kashona kiatu mara ya tatu!" Walicheka wote, halafu kicheko kikaisha na yeye akabaki ananitazama. "Sasa weye utafanyaje?"

Nilianza na Mzee Hamad. Nilimwomba tukae, nikamwambia saa za kiwanda chake ni kumi na moja.

"Nane," akasema.

"Kumi na moja, Mzee."

"Daftari lasema nane."

"Daftari huamka saa mbili. Watu wako huamka kabla yake, na wewe pamoja nao, nimekuona na majivu."

Akavuta ndevu. "Haya. Tisa."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Tisa nini?"

"Andika tisa tumalizane. Mie nimepanda moja, na weye teremka."

Wallahi nusura nimjibu kumi. Mdomo ulikwisha funguka. Mimi nimeteremsha bei za vitu vyote vinavyouzwa kutoka Mkoani mpaka Konde, na sijawahi kukataa kukutana katikati.

"Mzee Hamad," nikasema, "hii si bei. Mtu alikuwepo au hakuwepo."

"Tisa na nusu."

"Kumi na moja."

"Bi Saada, wewe ni mtoto wa sokoni, umekuwaje leo?"

"Kumi na moja, Mzee. Na jina lako halitaandikwa popote, wala la mfanyakazi wako, hiyo ni amana ya kazi. Zitakazoandikwa ni saa."

Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hata yeye hajawahi kujihesabia zile saa zake za kupuliza moto. Hakukubali wala hakukataa. Aliagiza nipewe chai, na hiyo kwetu ni saini ya nusu.

Ushahidi wa siku moja ni ajali, ilikuwa kauli yangu kwa wadadisi, kwa hiyo ikabidi niiishi. Siwezi kulala Wingwi kila siku, nina mume. Nikapatana na Bi Time: akifika kiwandani anibipu, akitoka anibipu. Bipu haina gharama, na simu yenyewe huandika saa na dakika, haijui kuona haya wala kumwogopa mwajiri. Siku kumi na mbili za kazi simu yangu ililia mara moja na kukatika, saa kumi na mbili asubuhi na karibu na saa kumi na mbili jioni. Siku ya tatu mume wangu akauliza, "Nani huyu anayekubipu kila kukicha?" Nikamwambia, "Takwimu." Akanitazama kwa muda, akageukia ukuta.

Siku kumi na mbili, bipu mbili kwa siku, zilitakiwa ishirini na nne. Nilihesabu mara mbili nikapata ishirini na tatu. Jioni moja simu ya Bi Time iliishiwa chaji. Ningeweza kuijaza ile moja kwa kukisia, na hakuna ambaye angejua. Niliiacha tupu.

Msimamizi wa Kanda alisoma karatasi zangu akiwa amesimama, halafu akakaa.

"Unajua ukibadilisha namba hii, robo zote za nyuma zitaulizwa?"

"Ziulizwe."

"Na saini zote ni zako."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu."

"Bi Saada, barua yako ya cheo iko mezani kwa Mkurugenzi wiki hii. Subiri isainiwe, kisha urekebishe. Robo ijayo."

Alinitakia mema, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Lakini robo ijayo kikao kingekuwa kimekwisha kaa. Nikamwambia, "Robo ijayo nitakuwa na cheo, na Bi Time atakuwa na nafuu ya karatasi." Akavua miwani, akaifuta, akapiga simu Unguja.

Mkurugenzi aliniita makao makuu. Alikuwa mwanamama wa maneno machache ambaye hakuwahi kumaliza kikombe cha chai. Niliweka mezani karatasi ya siku niliyokaa kiwandani mwenyewe, na juu yake nikaweka simu yangu. Akapitisha kidole kwenye zile bipu, moja moja, mpaka mwisho.

"Hapa ni ishirini na tatu."

"Ndiyo, Mkurugenzi. Ya siku ya tisa jioni haipo. Chaji."

"Kwa nini hukuiandika tu?"

"Kwa sababu haipo."

Akanirudishia simu. "Kwa miaka hiyo yote hukuona?"

"Sikuona. Niliwauliza wanafanya kazi saa ngapi, wakaniambia wanavyoamini. Ilinipasa niwaulize walifika saa ngapi na waliondoka saa ngapi, nigawe mwenyewe."

Aliandika kitu, nami nikadhani ni onyo. Lilikuwepo onyo pia, lilikuja baadaye kwa barua, na barua ya cheo ikakaa mwaka mzima bila saini. Lakini kabla sijatoka mlangoni alimwita katibu wake, akamwambia rasimu ile isiende. Jedwali lilirudishwa, likaenda kikaoni na namba mpya na tanbihi chini yake kwamba takwimu za nyuma zimerekebishwa. Ile tanbihi nimeikata, ninayo kabatini. Wenzangu wametundika ukutani vyeti vya utumishi mwema. Mimi nina mistari miwili ya kukiri kosa, na siwezi kuibadilisha kwa vyeti vyote vya kisiwa.

Nyongeza ilipokuja, na watu wa mafuta wakiwemo, sitasema niliileta mimi. Kikao kilikuwa na watu wengi na hoja nyingi, na mimi sijichukulii nisichokihesabu. Ninalojua ni kwamba hawakuachwa nje. Na Mzee Hamad alihamisha daftari. Nilipokwenda robo iliyofuata lilikuwa limetundikwa mlangoni kwa kamba, na jina la kwanza kwenye ukurasa, saa kumi na mbili kasoro dakika tano, lilikuwa lake mwenyewe.

"Usinitazame hivyo," akaniambia. "Tisa na nusu ilikuwa bei nzuri."

Cheo nilikipata mwisho wa yote, nikakaa kwenye kile kiti cha Msimamizi miaka kadhaa, na kila mdadisi mpya nilimtuma kuhesabu viti. Wengi walisema kumi na tatu. Siku yangu ya kustaafu nilishuka vile vidato kumi na tisa, bado vilikuwa kumi na tisa, nikaenda nyumbani Madungu.

Mikono haijui kustaafu, kwa hiyo mimi na mkwe wangu tumefungua kijibanda cha kukamua mafuta ya nazi. Tuna wanawake wanne na sisi wawili. Mwezi uliopita nilisikia hodi, akaingia binti mmoja na kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi, Sheha amemleta mpaka mlangoni. Tumeangukia kwenye sampuli. Hakunijua, nami sikujitambulisha. Nilimpa kiti nikakaa mbele yake kama mhojiwa yeyote, mikono mapajani.

Akauliza jina la kiwanda, idadi ya watu, malipo. Halafu akateremsha kidole kwenye kioo, akasoma:

"Bibi, jana mlifika kazini saa ngapi, na mliondoka saa ngapi?"

Sikujibu mara moja. Akadhani sikusikia.

"Samahani, bibi. Swali hili huwasumbua wengi. Wanataka waseme nane tu."

"Nimelisikia, mwanangu," nikasema. "Lisome tena."

Akalisoma mara ya pili, polepole, neno kwa neno, nami nikamjibu tangu nazi ya kwanza kuvunjwa.